Kifusi Kilikwenda Wapi?

Mtoto akikwambia, "Baba, umechoka, nataka ukapumzike," muulize kwanza atakupumzishia wapi. Mimi sikuuliza. Binti yangu yuko Nairobi, ana kazi nzuri, moyo mzuri na simu kubwa. Akaona tangazo huko simuni: siku tisa Ethiopia, ziara ya kikundi, miji ya kale, makanisa ya kuchongwa mwambani, mwongozaji yupo. Akalipa, kisha ndipo akanipigia. "Baba, mizigo waachie vijana. Nenda nawe ukatembee." Ilikuwa Februari 2019, kabla korona haijatufungia majumbani.

Mimi ni mtu wa punda hapa Amu, yaani Lamu. Ninao watano. Nabeba mchanga, saruji, mawe, boriti, na msimu wa harusi nabeba makochi. Umri wangu wote, mahali pa juu kabisa nilipopata kupanda ni darini kwa shemeji yangu Mkomani, na hapo napo nikifika naomba maji. Sasa mtu huyo umvushe kwa boti hadi Manda, umtie ndegeni, umbadilishe ndege mara mbili, halafu umshushe Lalibela, mita 2,500 juu ya bahari. Bahari yenyewe haipo! Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, ni milima kwa milima, imekatikakatika kama mkate uliogombaniwa na watoto. Hewa nayo yatolewa kwa kibaba. Hatua kumi, kituo. Hatua kumi, kituo. Mke wangu alinipigia simu usiku wa kwanza akaniuliza nakimbizwa na nani.

Tulikuwa watu 11. Bwana na bibi wa Nairobi waliovaa mavazi ya kufanana. Mwalimu mstaafu wa historia kutoka Malindi, ambaye kila akielezwa jambo alikuwa ameshalijua. Mama mmoja wa Mombasa aliyekuja na chupa yake ya chai, bizari zake na pilipili ya kusaga, mwanamke mwenye akili kuliko sote. Waliobaki siwakumbuki ila kwa kofia zao. Mbele yetu kijana mwongozaji, mpole, mkononi mwavuli wa kijani asioufungua hata jua likichoma. Mwavuli ule ulikuwa wa sisi kuufuata.

Hapo ndipo nilipojitazama. Miaka yote mimi ndiye niliyekwama vichochoroni na punda, nikipiga kelele "Pisha! Pisha!" kwa misururu ya wageni waliosimama mlangoni pa watu kutazama nakshi. Leo mimi nimo msururuni, kadi ya jina yaning'inia shingoni kama mbuzi wa mnada, na nyuma yangu mzee wa Kihabeshi ana mzigo wa kuni, angoja nimpishe.

Vita vya kwanza vilikuwa vya saa. Kijana alitwambia kwa Kiingereza, kesho saa mbili tukutane mlangoni. Mimi na Mama wa Mombasa saa mbili asubuhi tuko pale, tumesali, tumekunywa chai. Wengine hawaonekani. Wale wawili wa Nairobi wameshiba usingizi, wao walielewa saa mbili ya Kizungu, yaani saa nane mchana. Kumbe Waethiopia wahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni kumi na mbili, saa nzima ikipita ni saa moja. Nikawaambia wale vijana, mmekaa Afrika Mashariki mmesahau saa, mmekuja kufundishwa Lalibela. Mwaka wao lakini sikuuweza. Uko nyuma ya huu wetu kwa miaka saba au minane, na una miezi 13, huo wa mwisho una siku tano, na mwaka mrefu siku sita. Mama wa Mombasa akauliza swali moja tu: mwezi huo wa siku tano, kodi ya nyumba hulipwa?

Chakula nacho kina kisa chake. Mimi Mwislamu, na nyama ya kule kila watu wana machinjio yao, hivyo hotelini nikawa nakula mayai. Mayai asubuhi, mayai usiku, nikahisi karibu nitawika. Kisha nikagundua kwamba Wakristo wao kila Jumatano na Ijumaa hufunga, hawagusi nyama wala maziwa wala mayai, na siku hizo hupikwa dengu za kila rangi, na shiro nzito kama mchuzi wa harusini, zamwagwa juu ya injera, mkate wao mpana laini. Injera mwanzo niliikunjia uso, ina ukali wa uji uliolala siku mbili. Siku ya tatu niliisifu. Basi nikawa mtu wa kwanza kutoka Amu anayengoja mfungo wa Wakristo kwa hamu. Nauliza kila asubuhi, "Yeo Jumatano?"

Sasa tuje kwenye makanisa yenyewe, maana hapo ndipo nilipogombana na kikundi.

Sisi pwani ukitaka nyumba waleta mawe, waleta chokaa, wapandisha. Wao walifanya kinyume. Walisimama juu ya mwamba mtupu, wakachimba handaki pande zote hadi likabaki pande moja la jiwe katikati. Wakalichonga kwa nje. Kisha wakafungua mlango, wakaingia ndani, wakalila lile jiwe hadi likawa na nguzo, na madirisha, na matao. Hakuna jiwe lililopandikwa juu ya jiwe. Makanisa 11 yote yamechongwa mwambani, ingawa si yote yaliyokatwa pande zote namna hiyo. Lile la Bete Giyorgis lina umbo la msalaba, na unapofika, unachokiona kwanza ni paa, liko sawa na miguu yako. Ukisogea ukingoni wachungulia shimo la zaidi ya mita kumi, na kanisa limesimama humo kama jino.

Watu wakatoa simu, wakaguna, bibi wa Nairobi akatoa machozi. Mimi nikainua mkono.

"Samahani. Kifusi kilikwenda wapi?"

Kijana akatabasamu. Akaeleza kwamba ni kazi ya Mfalme Lalibela, wa ukoo wa Zagwe, miaka kama 800 iliyopita, na wazee wasimulia kuwa mchana walichonga watu na usiku wakashuka malaika kuendeleza.

"Sawa," nikasema. "Hiyo ni zamu. Hata bandarini kuna zamu. Kifusi je?"

"Malaika, mzee..."

"Malaika walichonga. Kuzoa nani alizoa?"

Mwalimu wa Malindi akaniambia kwa sauti ya darasani kwamba mahali hapa palitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, miongoni mwa 12 za kwanza kabisa, na kwamba hata Amu yenu imeingia mwaka 2001 tu, kwa hiyo tuwe na adabu. Adabu ninayo. Lakini mimi jiwe nalijua kwa mgongo wa punda. Ukibomoa ukuta mmoja wa choo pale Langoni, kifusi chake ni siku nzima, na jirani keshakushitaki kwa mzee wa mtaa. Hapa umetolewa mlima mzima, halafu mwasifu patasi! Nikauliza kanisa la pili. Nikauliza la tatu. Kufika la nne, nikiinua mkono tu, mwavuli ule wa kijani waanza kutembea.

Nilinyamaza mara moja, kwa heshima, pale Bete Giyorgis tulipoonyeshwa mashimo ukutani. Wasema ni alama za kwato za farasi wa Mtakatifu Giyorgis, aliyekuja kulalamika kwa mfalme kwamba makanisa yote yamejengwa na lake halimo. Nikainama, nikapima kwa shubiri. Wenzangu wakaona nimeguswa. Kwa kweli nilikuwa nakisia uzito wa farasi.

Kila mlangoni, viatu nje. Mimi nilivaa makubadhi, basi nilikuwa navua nikivaa wenzangu wamekalia vizingiti wakifungua kamba za viatu vya milimani. Nilijisifu mpaka jioni. Kwani mazulia yale, jamani, yana wenyewe. Waliovaa soksi nene hawakuguswa, mimi niliyeingia miguu mitupu kama mtu wa msikitini, viroboto walinipokea kama bwana harusi. Usiku kucha nikajikuna vifundo. Mama wa Mombasa akanipa mafuta ya nazi, akanambia viroboto wake wawili ameshawaua kwa ukucha, hesabu yake iko sawa.

Kuna pia njia ya chini kwa chini ya kwenda kanisa lingine, giza totoro, na mwongozaji alitukataza tochi. Alisema yafananishwa na Jahanamu, upite ukipapasa ukuta hadi uione nuru. Mbele yangu Mama wa Mombasa asoma Ayatul Kursi kwa sauti, nyuma yangu yule bwana wa Nairobi asema Baba Yetu Uliye Mbinguni, katikati mimi napapasa nikafikiria: hata hili shimo lilikuwa na kifusi.

Siku iliyofuata tukapandishwa Asheton Maryam, kanisa jingine juu kabisa ya mlima, na kwa wazee palikuwa na nyumbu. Si wale nyumbu wa Maasai Mara, hawa ni mtoto wa punda na farasi. Mtu wa punda miaka 40, nalipa nikapandishwe mgongoni na mtu mwingine! Nikakataa kwa ushindani. Hatua mia nikakubali.

Njiani nikamwona mzee, makamo yangu, shuka nyeupe begani, amesimama na punda mmoja wa kijivu mwenye madumu ya maji. Jua la asubuhi limewapiga ubavuni. Bila kufikiri nikatoa simu, nikapiga picha. Yule mzee akanyoosha kiganja. "Birr kumi."

Nikasikia aibu ya miaka 40. Nimepigwa picha mara ngapi mimi pale forodhani, na sijalipwa hata andazi! Nikashuka kwenye nyumbu nikampa. Ndipo nilipoiona kamba ya chini ya mkia: kavu, imemla punda hadi nyama nyekundu, nzi wamejaa. Sikumuuliza. Nikatoa leso yangu, nikaikunja mara tatu, nikaizungushia ile kamba pale inaposugua, nikailegeza kidogo upande wa kushoto. Punda akashusha masikio, akapumua. Mzee akanitazama mikono, hakunitazama uso. Akampiga punda kofi dogo, akasema, "Ahiya." Nami nikasema, "Punda." Akanionyesha kidole kimoja. Mimi nikamwonyesha vitano. Akapiga mluzi, akaniamkia upya, sasa kama tajiri.

Nikaona huyu ndiye wa kumuuliza. Nikamwonyesha kule chini makanisani, nikafanya ishara ya kuchonga, ishara ya shimo, ishara ya mawe mengi, kisha mikono hewani: wapi? Akafikiri. Akatazama kule, akanitazama mimi, akampiga punda wake makalio, pa! Au labda alidhani nataka kumnunua. Birr kumi zangu lakini hakurudisha.

Aksum, mji mwingine wa kale, nitawaambia kwa kifupi kwa sababu tulikaa kwa kifupi. Kuna minara ya jiwe moja moja. Mrefu kuliko yote, wa mita 33, umelala chini vipandevipande. Mwingine wa mita 24 Waitalia waliuchukua mwaka 1937 wakausimamisha Roma, wakaurudisha 2005 kwa ndege, vipande vitatu, tani kama 160. Nikapiga hesabu papo hapo: punda kilo 80, safari 2,000. Punda watano, safari kumi kumi kwa siku, ni siku 40 ukiacha Ijumaa. Wangeniita. Kisha tukapelekwa kanisa ambamo, kwa imani yao, limewekwa Sanduku la Agano, na anayeliona ni mtawa mmoja tu mlinzi wake, hadi afe. Tukaonyeshwa uzio. Uzio mzuri, wa chuma.

Langu mimi lilikuwa Negash, kwenye msikiti wa nchi ya Najashi, yule mfalme aliyewapokea Waislamu wa kwanza waliokimbia Makka. Kwenye karatasi imeandikwa, siku ya saba. Siku ya saba tukaambiwa ratiba imebadilika, ni mbali, barabara mbaya. Tukapelekwa duka la misalaba ya shaba na skafu, saa mbili nzima. Kilichonipoza ni kahawa: imekaangwa mbele yetu, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, bisi kwenye sinia, vikombe vidogo kama vyetu vya barazani. Mikupuo mitatu, na huo wa tatu waitwa baraka. Kwao kahawa ni buna, nasi twasema buni. Nikanywa baraka mbili.

Wiki ya kurudi kwangu nilikuwa hapo mbele ya Ngome, shogi zimejaa mchanga, nangoja msururu wa wageni upite. Mwongozaji wao, kijana wa mtaani kwetu, alikuwa amemaliza kuwaeleza kwamba Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, akaninyooshea kidole. Akawaambia kwa Kiingereza chake kizuri kwamba huyu ndiye mtu wa punda wa asili, wazee kama hawa wamezaliwa hapa na hawajapata kutoka nje ya kisiwa. Mzungu mmoja akapiga goti na kamera yake. Nami nikainua mguu wa kushoto nikajikuna kifundo, pale pale pa Bete Giyorgis, na ndivyo nilivyotoka pichani.