Msiisingizie Kusi, Ndege Iliharibikia Mezani

Nimechoka kusikia upepo wa kusi ukibebeshwa lawama za ndege zilizofungwa vibaya. Juzi, kwenye uwanja mmoja hapa Mtwara, kijana alirusha ndege yake mpya ya sarakasi, hizi ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti. Ndege nzuri, mabawa mekundu, mota ya umeme yenye nguvu za kutosha. Ikanyanyuka, ikainua pua, ikazidi kuinua, ikalalia bawa moja na kujikita mchangani. Watazamaji wakahukumu papo hapo: "Kusi hilo, kaka, halina utani." Na mwenye ndege akakubali! Minazi ya pembeni ilikuwa imetulia tuli.

Nikamwomba niishike. Nikaweka kidole kimoja chini ya kila bawa, pale panapotakiwa, mkia ukashuka moja kwa moja. Betri ilikuwa imefungwa nyuma kabisa kwa sababu huko ndiko ilikoingia kwa urahisi.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa korosho. Msimu ukifika, hakuna mkulima wa Tandahimba wala Newala atakayekubali mizani ya chama cha msingi ipotoke hata nusu kilo. Atasimama juani abishane mpaka kieleweke. Sasa inakuwaje mtu huyohuyo atumie pesa ya msimu mzima kuagiza ndege, halafu uzito wake aupime kwa macho?

Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapolala sawa ukiishikilia kwa vidole, ndicho kinachoamua kama ulichonacho ni ndege au ni mzigo wenye mabawa. Kwa ndege nyingi za namna hii kinakaa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma. Bawa likiwa na upana wa wastani wa sentimita 24, basi ni kati ya sentimita 6 na 8. Mtengenezaji huandika kipimo chake kwenye kitabu cha maelekezo, na hicho ndicho cha kufuata. Weka alama kwa kalamu. Pima ndege ikiwa imekamilika, propela ipo, betri ipo, kila skrubu ipo. Pua ikiwa nyepesi, sogeza betri mbele kwanza kabla hujafikiria kubandika vipande vya madini ya risasi puani, kwa maana kila gramu unayoongeza utaibeba angani mpaka siku ya mwisho.

Pua nzito ina adha yake: ndege inakuwa nzito kuitikia na inatua kwa kasi. Ila unairudisha nyumbani. Mkia mzito hausameheki. Kila ukigusa eleveta, usukani wa mkiani unaoinua na kushusha pua, ndege inapokea mara mbili ya ulichoomba. Ukirekebisha, inazidisha upande wa pili, na mikono ya binadamu haiwahi. Tena ndege ya sarakasi imeundwa isijirekebishe yenyewe. Bawa lake lina tumbo sawa juu na chini ili iruke vilevile hata ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Usukani wake wote, yaani vile vipande vinavyopinda kwenye mabawa na mkia, ni mpana kwa makusudi. Ndege ya kujifunzia inaweza kukuvumilia kidogo. Hii haikuvumilii.

Ukishaizoea, jaribio la kuhakiki ni moja. Ipandishe kwa nyuzi 45, igeuze kichwa chini, kisha acha mkono utulie. Ikiendelea na njia yake, umepatia. Ikikimbilia ardhini, pua bado nzito. Ikizidi kupanda, umevuka mpaka, rudisha betri mbele.

Jingine linaloniudhi ni sevo, kile kimota kidogo kinachopinda usukani. Watu wanafunga mkono wa sevo umepinda, kisha wanaunyoosha kwa vibonyezo vya rimoti. Hapana. Washa rimoti kwanza, marekebisho yote yakiwa sifuri, sevo ijipeleke katikati, ndipo ufunge mkono ukae nyuzi 90 na waya unaosukuma usukani. Usipofanya hivyo, eleveta itapanda zaidi ya inavyoshuka, nawe utalaumu ndege kwamba haizunguki sawasawa. Na kazi hiyo yote ifanyike propela ikiwa imevuliwa. Kidole hakina spea.

Safari ya kwanza usipe usukani mwendo mkubwa. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha. Zile 45 za kuisimamisha ndege wima angani ining'inie kwa propela zina siku yake. Simama nyuma ya ndege, sukuma fimbo ya rimoti kulia: eleroni, yaani usukani wa bawani, ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Pima umbali yanakofika mawimbi ya rimoti. Hakikisha mawasiliano ya rimoti yakikatika, mota inazimika. Betri ya lipo (lithiamu polima) usiiache ndani ya gari juani, joto la huku mnalijua. Na uwanja wa ndege tuupe nafasi yake, vibali vya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, si vya droni za wapiga picha peke yao.

Nakubali, kusi lipo. Kuanzia Mei mpaka Septemba, Shangani yetu ya Mtwara mchana si mahali pa kujaribia ndege mpya, nendeni alfajiri. Nakubali pia kwamba vifaa ni ghali na safari yake kutoka Dar es Salaam ni ndefu, ndiyo maana mtu akikipata ana pupa ya kukiona angani. Lakini ughali huohuo ndio unaonifanya nipige kelele. Nusu saa ya kupima haigharimu shilingi.

Walimu wa fizikia wa Mtwara na Lindi, mnafundisha momenti za kani kwa rula na mawe ya mizani. Nawaomba mtuite. Tutakuja na ndege, tutaiweka juu ya vidole vya wanafunzi, wasogeze betri wenyewe mpaka ilale sawa, kisha twende uwanjani waione inaruka.