Mahamri si jina jingine la mandazi

Ukiagiza mahamri kwenye mgahawa wa Malindi wenye wateja wengi wa bara, huenda ukaletewa mandazi, na ukiuliza utaambiwa ni kitu kimoja.

Wasemao hivyo wana hoja. Maandazi yametokana na kuandaa, na Tanzania hadi leo neno hilo hukusanya yote: ya hamira na ya beking pauda, ya nazi na ya maziwa. Mtu wa Dar es Salaam akiita hamri andazi, hajakosea.

Lamu neno mahamri linabana zaidi. Hamri limetoka kwenye Kiarabu khamir, unga ulioumuka, shina moja na hamira. (Si ahmar, -ekundu, hata kama rangi yake yaweza kumpoteza mtu: Kiarabu kh na h hizo ni herufi mbili, Kiswahili kimezifanya h moja.) Jina lenyewe basi linataja kazi. Bila kuumuka hapana hamri.

Na kazi yenyewe ina masharti. Kilo ya unga wa ngano hutaka kama robo kilo ya sukari, kijiko kikubwa cha hamira, iliki iliyotwangwa, na tui zito la vuguvugu linalotiwa kidogo kidogo huku ukikanda. Tui likiwa la moto, hamira hufa na donge halipandi. Sukari ikizidi, hamira huzorota, na mahamri hushika rangi kabla ya kuiva ndani. Kwa joto la pwani donge huumuka kwa saa moja au mbili, likisahauliwa, huchacha. Sukuma unene wa nusu sentimita hivi, kata pembe tatu, yapumzishe tena, kisha yatose kwenye mafuta yaliyopata moto huku ukiyamwagia mafuta juu kwa mwiko. Yatafura na kuacha uwazi ndani. Uwazi huo ndio unaopasuliwa asubuhi ukatiwa mbaazi za nazi.

Mandazi ya beking pauda hayadai subira hiyo, na ndani hujaa kama keki. Ni kitu kizuri kwa chai. Lakini anayefuata mapishi ya “mahamri” ya beking pauda, akangoja yafure yawe matupu ndani, atalaumu unga, atalaumu mafuta, ilhali aliyempoteza ni mwandishi wa mapishi. Mgahawa unaweza kuuza yote kwenye sinia moja, mradi uyaite kwa majina mawili.