Nyota za soka hazionekani asubuhi

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, na katika mambo mengi ya malezi sina sababu ya kubishana nao. Katika soka la watoto, hata hivyo, imani hiyo imetutia hasara kubwa. Kila mwaka, Dar es Salaam na Mwanza, Nairobi na Mombasa, watoto wa miaka 12 hadi 15 hupangwa pembeni ya uwanja, huvishwa vizibao vyenye namba, huchezeshwa kwa nusu saa au chini ya hapo, kisha mtu mzima mwenye daftari huamua nani ana kipaji na nani arudi nyumbani. Naamini uamuzi huo hauna msingi wa kutosha, na kwamba vituo vyetu vya kukuza vipaji vinapaswa kuendeshwa kwa kukiri waziwazi kuwa hakuna anayeweza kujua mtoto wa umri huo atakuwa mchezaji wa namna gani.

Tutazame kwanza Kombe la Dunia la vijana walio chini ya miaka 17. Wanaofika pale wameshachujwa mara nyingi, wamebakiza hatua chache kuingia katika timu za wakubwa, na wanaowatazama jukwaani ni watu ambao kazi yao ya kila siku ni kusaka vipaji. Kama kuna mahali ambapo utabiri ungekuwa rahisi, basi ni pale. Mwaka 2003 nchini Finland mchezaji bora alikuwa Cesc Fàbregas, na mwaka 2007 nchini Korea Kusini alikuwa Toni Kroos. Wote wawili baadaye walitwaa Kombe la Dunia la wakubwa na nchi zao. Lakini mwaka 2009 tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Sani Emmanuel wa Nigeria, na mwaka 2011 ikaenda kwa Julio Gómez wa Mexico, kijana aliyeifunga Ujerumani kwa tikitaka katika nusu fainali huku kichwa chake kikiwa kimezungushiwa bandeji. Hakuna kati ya hao wawili aliyefika pale alipotabiriwa. Katika mashindano yale ya 2009 Neymar alikuwemo katika kikosi cha Brazil kilichotolewa hatua ya makundi, na Son Heung-min alikuwa akiichezea Korea Kusini. Waliokuwa na jukumu la kumtaja bora wao walikuwa nao wote mbele ya macho yao, na bado siku zilizofuata zilikwenda njia nyingine kabisa.

Ikiwa macho hayo yalishindwa kwa vijana wa miaka 16 na 17, sijui kocha wa mtaani anapata wapi uhakika juu ya mtoto wa miaka 13.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mwili, na yeyote aliyewahi kukaa pembeni ya uwanja siku ya majaribio amekiona hata kama hakukipa jina. Wavulana wawili wameandikishwa kuwa na miaka 13. Mmoja sauti imeshakuwa nzito, ndevu zinaanza kuchipua juu ya mdomo, na mapaja yake yanafanana na ya beki wa ligi kuu. Mwingine jezi inamfika karibu na magoti na amekunja mikono ya jezi hiyo mara mbili. Kipa anapiga mpira mrefu; yule mkubwa anaruka juu ya wote, anausukuma mbele, anawapita wawili kwa nguvu na kufunga. Wazazi wanashangilia na mwenye daftari anaandika namba yake. Dakika chache baadaye yule mdogo anautaka mpira katikati ya uwanja. Kabla haujamfikia ameshageuza shingo mara mbili kuangalia nyuma yake, mguso wake wa kwanza unaupeleka mpira mbali na mpinzani, na wa pili ni pasi ya chini inayopita kati ya mabeki wawili. Hakuna mwenzake aliyeiona nafasi hiyo, mpira unatoka nje, na kwenye daftari hakuandikwi kitu. Tofauti ya kubalehe aliyokuwa akifaidi yule mkubwa itakuwa imekwisha ndani ya miaka mitatu au minne. Tabia ya kugeuza shingo kabla ya kupokea mpira haitakwisha, ila huenda mwenye nayo atakuwa ameshaacha soka.

Kuna jambo jingine lililo karibu na hilo ambalo huku kwetu halizungumzwi sana, nalo ni mwezi wa kuzaliwa. Mashindano mengi ya vijana huhesabu umri kuanzia Januari 1, kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka uleule huwekwa kundi moja, ingawa wametofautiana karibu mwaka mzima wa kukua. Tafiti nyingi zilizofanywa katika akademi za Ulaya zimeonyesha kuwa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili ndio wanaojaa humo. Nchini England, ambako mwaka wa vijana hufuata kalenda ya shule na kuanza Septemba, wanaojaa ni wale wa Septemba, Oktoba na Novemba. Kwa maneno mengine, kalenda ikihamishwa, "vipaji" navyo vinahama. Baadhi ya akademi za huko sasa huwapanga watoto katika baadhi ya mechi kwa kiwango cha ukuaji wa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa, na jambo hilo halihitaji fedha nyingi: kocha anayepima urefu na uzito wa watoto wake mara tatu kwa mwaka tayari ana pa kuanzia.

Huku kwetu tatizo hilo hukuzwa na udanganyifu wa umri, ambao naona tumeuzoea kupita kiasi. Mwaka 2017 Serengeti Boys, timu ya vijana ya Tanzania, walikwenda Gabon kushiriki fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 baada ya shirikisho la soka la Afrika, CAF, kuiondoa Kongo-Brazzaville, iliyoshindwa kumfikisha mchezaji wake kwenye kipimo cha mifupa ya kifundo cha mkono. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini katika mabonanza yetu wenyewe, ambako hakuna anayepima mfupa wa mtu, kijana wa miaka 18 anapoingizwa kwenye timu ya chini ya miaka 15 ili kombe lipatikane, kuna mtoto halisi wa miaka 14 anayekaa benchi kwa sababu yake, na mtoto huyo ndiye anayepoteza miaka ya kujifunza.

Makocha wengi hunijibu kwamba, pamoja na yote, wale wanaochaguliwa ndio wanaofanikiwa zaidi. Ni kweli, na sababu yake haiko kwenye jicho la mchaguzi peke yake. Aliyechaguliwa hupata kocha kila siku, kiwanja chenye nyasi, viatu, chakula, daktari na mechi za maana. Aliyeachwa hurudi kucheza jioni kwenye uwanja wa vumbi akitoka shule. Baada ya miaka mitano tunawalinganisha na kusema tulichagua vizuri. Mchujo wa namna hiyo hujithibitisha wenyewe, na makosa yake hatuyaoni kwa sababu waliokosewa hawapo tena uwanjani ili tuwahesabu.

England huyaona baadhi ya makosa yake kwa sababu ina ngazi nyingi chini ya ligi kuu. Harry Kane aliachwa na Arsenal kabla hajatimiza miaka 10, akakulia Tottenham, akapelekwa kwa mkopo klabu nne, na leo ndiye mfungaji bora wa wakati wote wa timu ya taifa. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akaambiwa ni mdogo wa umbo, akaangukia Stocksbridge Park Steels. Hadithi hizi zimesimuliwa mara nyingi kama hadithi za moyo wa kutokata tamaa, na moyo huo sina shaka ulikuwepo. Mimi huwa najiuliza zaidi kuhusu mahali Vardy alipoangukia: ilikuwa klabu ndogo, lakini ilikuwa ndani ya mfumo wa ligi wenye ratiba, waamuzi na njia ya kupanda, na kutoka hapo alipita Halifax na Fleetwood, akafika Leicester mwaka 2012 na kuwa bingwa wa England mwaka 2016. Kijana wa Temeke au wa Kisumu anayeachwa akiwa na miaka 16 huangukia wapi? Mechi za ndondo, yaani mashindano ya mitaani, zina mashabiki na zina ushindani mkali, nami nazipenda, lakini nyingi huchezwa kwa msimu mfupi kisha zikaisha.

Wachezaji wetu wawili waliokwenda mbali wanaonyesha jinsi njia inavyoweza kuwa ndefu. Mbwana Samatta alianzia Mbagala, akapita African Lyon na Simba, akachukuliwa na TP Mazembe mwaka 2011, na Ulaya aliingia Januari 2016 akiwa na miaka 23, umri ambao wasaka vipaji wengi huko humhesabu mchezaji wa Afrika kuwa amechelewa. Miaka minne baadaye alikuwa ameshatwaa ubingwa wa Ubelgiji na Genk, ameifunga Liverpool katika uwanja wa Anfield na amesajiliwa na Aston Villa. Michael Olunga alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akicheza ligi ya nyumbani. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani na kutajwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Kama milango ingefungwa kwa wote wawili walipokuwa na miaka 16, tusingejua tumepoteza nini.

Nataja masomo ya Olunga kwa makusudi. Jambo linaloniuma kuliko yote katika vituo vyetu ni jinsi shule inavyogeuzwa kuwa kikwazo cha mazoezi. Nii Lamptey wa Ghana alikuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana mwaka 1991, na akiwa na miaka 16 alikuwa ameshacheza Anderlecht. Maisha yake ya soka hayakufika kule ulimwengu ulikomtabiria, na yeye mwenyewe ameeleza jinsi elimu ndogo ilivyomfanya asaini karatasi asizozielewa. Alipostaafu alifungua shule jijini Accra. Kwa kuwa wengi wa watoto walio katika vituo hawatakuwa wachezaji wa kulipwa, na hatujui ni wepi watakaokuwa, hakuna mwenye haki ya kumpunguzia hata mmoja wao vipindi vya darasani kwa ahadi ya kitu ambacho hawezi kukiahidi.

Ningependa shirikisho, linapokisajili kituo, lidai mambo matatu yanayoweza kukaguliwa: mtoto asiachwe moja kwa moja kabla ya miaka 17 bila kupewa nafasi ya kurudi majaribioni mwaka unaofuata, mahudhurio ya shule yawe sharti la kucheza, na kituo kitunze kumbukumbu za kila mtoto kiliyemwacha, zenye mwezi wa kuzaliwa na timu au shule aliyokwenda. Kumbukumbu hizo zikitunzwa kwa miaka 10 tu, tutakuwa na takwimu zetu wenyewe kuhusu makosa tunayoyafanya, na makocha wetu watajifunza kutokana nazo kuliko wanavyojifunza kwenye makombe ya chini ya miaka 13.

Mzazi hana haja ya kusubiri kanuni hizo. Anapoletewa fomu ya kituo ili asaini, kwa kawaida huonyeshwa picha za vijana wawili au watatu waliofika timu ya taifa. Azitazame, kisha aombe kuonyeshwa orodha ya wote walioingia kituoni pamoja na vijana hao mwaka uleule, na aulize kila mmoja wa waliobaki yuko wapi leo na nani kituoni amezungumza naye tangu alipoondoka.