Wanapima maji yao, si maji yangu

Taarifa za ubora wa maji ya mjini hazikosi sentensi hii: maji yanayosambazwa yamekidhi viwango. Siibishii. Naamini kabisa kwamba yakitoka mtamboni huwa yamekidhi. Mimi nataka kujua yakoje yanapoingia kwenye glasi yangu, baada ya kulala usiku kucha ndani ya bomba ambalo hakuna anayekumbuka lilifukiwa lini.

Kazi ya mtamboni inaeleweka. Shabu inatiwa ili tope lishikane na kutuama, maji yanachujwa kwenye mchanga, kisha klorini inamalizia vijidudu. Kuna maabara, kuna mtu wa zamu. Mtambo nao hukosea, bila shaka: mwaka 1993 huko Milwaukee, Marekani, kimelea kiitwacho Cryptosporidium, ambacho klorini haikistui, kilipenya kwenye machujio na inakadiriwa watu 403,000 waliugua. Lakini walau mtamboni kuna anayeangalia. Chini ya barabara hakuna, na huko ndiko maji yanakokaa muda mrefu zaidi.

Kisa cha Flint, jimbo la Michigan, wengi wanakijua kwa jina tu. Aprili 2014 mji huo uliacha kununua maji ya Detroit, yanayotoka Ziwa Huron, ukaanza kutumia mto wake wenyewe ili kubana matumizi. Maji ya mto yalikuwa yanakula chuma zaidi, na fosfeti ya kuzuia kutu haikutiwa. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kuyatumia kwa kuwa yalikuwa yanaharibu vipuri. Vipuri vikaokolewa. Watu waliendelea kuyanywa kwa mwaka mwingine mzima.

Kinachonikaa kichwani katika kisa hicho ni kwamba risasi (ile metali yenye sumu, si ya bunduki) iliyowafikia watoto haikutoka mtoni. Ilitoka kwenye mabomba yanayounganisha nyumba na bomba kuu, kwenye viungio na kwenye koki. Ungepima mtoni au mtamboni, usingeiona. Na hata walipopima majumbani, wakazi walikuwa wameelekezwa waachie maji yatiririke kwanza kabla ya kuyalaza bombani kwa ajili ya sampuli. Ni sawa na kufagia uwanja kisha ukaita wakaguzi waje kutafuta takataka.

Risasi haina rangi ndani ya maji, wala ladha, wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 10 kwa lita kama kikomo cha muda, huku likikiri kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Marekani kwa miaka mingi ilitumia 15, tena kwa hesabu ya ajabu kidogo: mji hulazimika kuchukua hatua pale tu zaidi ya asilimia 10 ya sampuli zinapovuka hapo. Maana yake nyumba moja katika kumi inaweza kuwa na kiasi chochote kile na taarifa ikaendelea kusomeka vizuri. Kama nyumba hiyo ni yako, tisa zilizobaki hazikusaidii kitu.

Tunacholalamikia sisi watumiaji kwa kawaida ni kingine kabisa: harufu ya klorini. Hapo nakuwa upande wa mamlaka. Klorini inayobaki kwenye maji ndiyo mlinzi pekee anayesafiri nayo hadi mwisho wa bomba, na inatakiwa ifike kwako angalau miligramu 0.2 kwa lita. Mwaka 2000 katika mji mdogo wa Walkerton, Kanada, mvua kubwa iliingiza samadi kwenye kisima cha mji. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 wakaugua. Wasimamizi walikuwa na mazoea ya kutia klorini pungufu na kuandika takwimu za uongo kwenye daftari. Tangu nisome habari hizo, maji yasiyonuka kabisa ndiyo yanayonitia wasiwasi. Ni kweli klorini ikikutana na mabaki ya majani na udongo huzaa kemikali kama klorofomu, jambo lililogunduliwa Rotterdam miaka ya 1970, na zinafaa kudhibitiwa. Ila hatari hiyo ni ya miaka mingi. Ya kipindupindu ni ya wiki hii.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi pale maji yanapotoka kwa mgao. Bomba likijaa kwa presha, penye ufa maji yanavuja kwenda nje. Presha ikikatika, ufa uleule unavuta ndani kile kilichouzunguka, na mara nyingi bomba la majitaka limepita jirani. Maji yakirudi yanakuja na hesabu ya siku zote ambazo hayakuwepo. Sampuli iliyochotwa siku maji yametulia haiwezi kusimulia hayo.

Ushauri tunaopewa ni kuchemsha. Kwa vijidudu, sawa, yakitokota vizuri inatosha. Kwa risasi, naitreti, floraidi au aseniki, moto unapunguza maji na kuyaacha madini yalivyo, kwa hiyo kinachobaki sufuriani ni kikali zaidi kuliko ulichomimina. Sijui kwa nini sentensi hiyo haiandikwi kwenye matangazo.

Ninachodai si mtambo mpya. Nataka matokeo ya vipimo vya kwenye bomba la mtumiaji, mtaa kwa mtaa, na tarehe zake, yakiwemo yale yaliyoshindwa. Wastani wa mji mzima wabaki nao. Nataka pia ramani ya mabomba inayoonyesha yapi ni ya zamani na yametengenezwa kwa kitu gani, hata kama baadhi ya mistari itaandikwa “haijulikani”. Hiyo nayo ni taarifa.

Kwa sasa kila asubuhi naachia maji ya kwanza yaende kwenye ndoo ya kudekia, hadi yanayotoka yawe ya baridi, ndipo nakinga ya kunywa. Mpimaji akiamua kuja kwangu, aje kabla sijaamka.