Kamera Yako Isifanane na Bunduki

Ukipita mzunguko wa Nyayo, Nairobi, asubuhi, kabla magari hayajabanana, tazama juu kwenye migunga. Korongo wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni wamejenga viota vyao huko juu, na honi za matatu haziwashtui hata kidogo. Picha za harusi ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba, lakini kazi ninayoipenda ni kupiga picha za ndege. Na ni pale, chini ya migunga ile, nilipoelekezewa mtutu wa bunduki.

Nilikuwa nimenunua kitako. Ni fremu ya chuma na mpira iliyoundwa sawasawa na kitako cha bunduki: unaiegemeza begani, lenzi inakaa mbele, na mkono wa kulia unashika mpini wenye kifyatulio kilichounganishwa na kamera kwa waya. Lenzi yangu ya milimita 150 hadi 600 ina uzito wa karibu kilo 2. Ukiishikilia juu dakika kumi, mikono inatetemeka na picha inaharibika. Kitako kilimaliza shida hiyo, siwezi kukisingizia. Kilikuwa cheusi, lenzi nyeusi, kofia ya lenzi nyeusi. Nikapiga goti kando ya nguzo ya taa, nikafumba jicho la kushoto, nikamngoja korongo mmoja atue na kijiti mdomoni.

Kwanza nilisikia breki. Kisha mama mmoja akapiga yowe. Nikageuka kutazama kuna nini, na niligeuka na kitako kikiwa bado begani. Askari alikuwa hatua kama kumi kutoka nilipo.

"Weka chini! Chini!"

Nilichokiona ni kidole chake. Kilikuwa kimenyooka kando ya kifyatulio, hakijaingia ndani. Nimekifikiria kidole kile mara nyingi sana. Kuna mtu, mahali fulani, alimfundisha askari yule kukinyoosha mpaka awe na hakika, na mtu huyo ndiye aliyeniokoa.

"Afande, ni kamera," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba.

Nililala kifudifudi juu ya vumbi. Alipokiokota kile kitu na kukuta kioo mbele, alinyamaza. Halafu akasema polepole, "Kijana wangu, ningekupiga. Unajua ningekupiga?" Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kuliko yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari neno lake. Sisi hupiga picha na hupiga risasi kwa kitenzi kimoja. Yeye alikuja pale akiwa tayari kupiga, nami nilikuwa pale kupiga.

Udugu wa vyombo hivi viwili ni wa zamani. Mwaka 1882 mwanasayansi wa Ufaransa, Étienne-Jules Marey, alitengeneza kamera yenye kitako na mtutu, iliyoweza kunasa picha 12 kwa sekunde moja, ili achunguze namna ndege wanavyoruka. Ndege, kama mimi. Baadaye Wasovieti waliuza Fotosnaiper, kamera ya Zenit iliyofungwa juu ya kitako, na kifyatulio chake kikiwa chini kama cha bunduki. Leo kuna mipini ya bastola ya kamera ndogo za video, na kuna vifaa vya kulengea vyenye nukta nyekundu vya kuchomeka juu ya kamera. Vyote vinafanya kazi. Tatizo ni kwamba aliyesimama ng'ambo ya barabara haoni kazi yake. Anaona umbo tu.

Umbo limeua watu, na nataka tuwataje kwa majina. Tarehe 12 Julai 2007, Baghdad, Namir Noor-Eldeen, mpiga picha wa shirika la habari la Reuters mwenye umri wa miaka 22, alichutama kwenye pembe ya ukuta na kuchomoza lenzi yake ndefu apige picha ya magari ya jeshi la Marekani. Wanajeshi waliokuwa kwenye helikopta angani waliamini wanaona RPG, silaha ya kurushia kombora kutoka begani. Walimuua, yeye na dereva wake Saeed Chmagh, baba wa watoto wanne. Jeshi lilisema kundi lile lilikuwa na watu wenye silaha. Lakini kilichokuwa mkononi mwa Namir ni kamera, na ilipookotwa ilikutwa na picha alizopiga dakika chache kabla ya kufa. Miaka minne kabla yake, nje ya gereza la Abu Ghraib, Mazen Dana aliuawa akiwa na kamera ya video begani. Mwanajeshi aliyefyatua alidhani ni RPG vilevile.

Kisha kuna Fadel Shana, wa Reuters pia, aliyeuawa Gaza tarehe 16 Aprili 2008. Alivaa koti lililoandikwa PRESS na gari lake lilikuwa na alama. Kamera ilikuwa juu ya stendi yake ya miguu mitatu, nayo ilirekodi kifaru kikimfyatulia kombora. Jeshi la Israeli lilieleza baadaye kwamba askari wa kifaru hawakuweza kutambua kama kile kilikuwa kombora, mzinga au kamera.

Wala si vitani tu. Septemba 2017, katika mji mdogo wa New Carlisle, Ohio, mpiga picha wa gazeti la hapo alitoka kupiga picha za radi, akakuta polisi wamesimamisha gari, akashuka na kuanza kusimamisha stendi yake, na afisa wa polisi akamfyatulia risasi. Alipona. Walikuwa wakifahamiana, yeye na afisa yule.

Kuna wenzangu wasiopenda nikizungumza hivi. Wananiambia, ndugu, unamlaumu aliyepigwa. Nawaelewa, kwa sababu Namir, Mazen na Fadel hawakubeba kitako wala mpini wa bastola. Walibeba vyombo vya kawaida vya kazi yao. Lawama ni ya mwenye bunduki, mwanzo hadi mwisho, na sitakubali ihamishwe hata inchi moja. Anayepewa silaha anapewa pamoja na wajibu wa kutazama mara mbili. Lakini kama kamera ya kawaida inaweza kumponza mtu hivyo, kwa nini mimi niinunulie umbo la bunduki kwa pesa zangu? Lawama haimfufui mtu.

Tena tuko Nairobi. Mji huu uliona magaidi wakishambulia jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 na hoteli ya Dusit mwaka 2019, na mara zote mbili wanaume waliovaa kiraia walishika bunduki, wengine kuua, wengine kuokoa. Tangu hapo mtu asiye na sare aliyebeba kitu kirefu cheusi hatazamwi tena kwa utulivu. Halafu yakaja maandamano ya Juni 25, 2024, ya kupinga Mswada wa Fedha. Vijana wengi niliowaona wakipiga picha katikati ya moshi siku zile hawakuwa na koti la waandishi wala kadi. Walikuwa na kamera za kuazima na ujasiri. Picha zao nyingi zitabaki kuwa kumbukumbu yetu, na kila nikizitazama naogopa kwa ajili yao.

Wakija kwangu kujifunza, hilo ndilo jambo la kwanza tunalozungumza, kabla ya mwanga. Usibebe stendi begani kama mwindaji. Ikunje, iingie mfukoni. Usichomoze lenzi ghafla kwenye pembe ya ukuta au ukingo wa paa. Jionyeshe wewe kwanza, uso na mikono. Ukiitwa, geuka na kamera ikiwa chini. Usivalishe lenzi kitambaa cha madoadoa ya kijeshi, kwani Kenya raia haruhusiwi hata kuvaa nguo hizo. Ukimwona askari karibu, msalimie kabla hujatoa chochote kwenye mkoba. Salamu imenisaidia kuliko kadi yoyote.

Kitako nilikifungua parafujo moja moja, nikakitupa vipande vipande, asije akakiokota mtoto. Fundi wangu wa nguo kule Kariokor alinishonea mfuko wa kitenge cha njano, nikaujaza maharagwe, nao ndio ninaouweka juu ya ukuta au dirisha la gari na kulaza lenzi juu yake. Kitambaa kilichobaki alikifanya gamba la lenzi. Nilidhani korongo watakimbia rangi ile. Hawakujali.

Mwezi uliopita nilirudi Nyayo. Mzee anayeuza njugu karibu na uwanja alinitazama kwa muda, akasogea, akaniuliza, "Hiyo kitenge unaangalia nini nayo?" Nikampisha. Aliinama, akaweka jicho, akakaa hapo muda mrefu bila kusema neno, na kikapu chake cha njugu mkononi.

"Kumbe wana watoto," alisema.