Kibao cha posta nacho kina habari

Ndugu mwandishi, umewacheka wabunge wa Marekani kwa kupoteza muda wakipitisha sheria za kuzipa posta majina ya watu. Ni kweli sheria hizo ni nyingi mno, lakini mimi naishi huku na nakuambia usizidharau. Posta ninayotumia ina kibao kidogo ukutani, karibu na masanduku ya barua. Anwani haikubadilika, bango la nje ni lilelile. Siku moja foleni haisogei, nikakisoma: kumbe ni kijana wa mtaa ule ule, askari aliyefia vitani. Mama mmoja mbele yangu akasema alisoma naye. Bila kile kibao ningemjuaje?

Halafu usidhani kila jina linapita kimyakimya. Mwaka 2016 posta ya Winston-Salem, North Carolina, ilipendekezwa kupewa jina la mwandishi na mshairi Maya Angelou, aliyefundisha chuo kikuu mjini humo kwa miaka mingi. Wabunge 9 walipiga kura ya hapana! Kwa posta tu! Ila majina yao yamebaki kwenye kumbukumbu za Bunge, na hapo ndipo ninapoupenda utaratibu huu.

Kwetu Tanzania, Uwanja wa Taifa ulipewa jina la Mzee Mkapa mwaka 2020 kwa tangazo la Rais wakati wa msiba wake. Sina ugomvi na jina, tena siku hizi mashabiki wa soka husema "kwa Mkapa hatoki mtu". Ningependa tu wawakilishi wetu nao waulizwe.