Bafle za Zamani: Nini Kibadilishwe, Nini Kiachwe

Wapelekee mafundi wawili wa Lubumbashi bafle (makasha ya spika) za miaka ya 1970, pete za wufa (spika kubwa ya besi) zimeoza na twita (spika ndogo ya sauti za juu) zimefifia, na huenda ukapewa mashauri mawili yasiyopatana. Mmoja atasema: badilisha pete tu, kingine usikiguse, maana sauti ile haitengenezwi tena. Mwingine atasema: fungua kila kitu, weka kapasita mpya, koili mpya, waya mnene, jaza sponji, utakuwa na bafle mpya kwa pesa kidogo. Kila mmoja ana hoja. Lakini kila shauri, likifuatwa hadi mwisho bila kupima chochote, huzima bafle iliyokuwa ikiimba vizuri.

Kinachogombaniwa ni ule uchangamfu: gita la sebene linaruka mbele, ngoma inagonga na kunyamaza papo hapo, na hata ukipunguza sauti usiku muziki haulali. Una sababu zake. Koni, ile sehemu inayotikisika na kushikwa na pete, ni ya karatasi nyepesi, sumaku ni kubwa ukilinganisha na uzito inaousukuma, na filta, yaani kapasita na koili zinazogawa sauti kati ya wufa na twita, ina vipande vichache. JBL L100 ya mwaka 1970 ina kapasita mbili tu na vidhibiti viwili vya kiwango cha sauti; wufa yake ya inchi 12 inapokea umeme wa ampli moja kwa moja, bila koili yoyote njiani. Bafle nyingi za jinsi hiyo hutoa takriban desibeli 90 hadi 92 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1, wakati bafle nyingi ndogo za leo ziko kwenye 85 au 86. Desibeli 6 ni nguvu mara nne. Ampli ya wati 10 kwenye bafle ya desibeli 92 inafanya kazi ambayo ingedai wati 40 kwenye bafle ya 86, na katika mji ambamo umeme ukikatika watu huhamia kwenye betri na paneli za jua, tofauti hiyo inaonekana hata kwenye saa ambazo betri itadumu.

Si kila bafle ya zamani ni sikivu hivyo, yaani hutoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Zile za kasha lililofungwa kabisa, za mtindo ambao Edgar Villchur aliuanzisha Marekani mwaka 1954, zilitoa sadaka usikivu ili kupata besi ya chini katika kasha dogo. Hizo zina sheria zake, nazo zitatajwa mahali pake. Kwa nyingine zote, kabla ya kubadilisha chochote kuna maswali mawili: badiliko hili litakula desibeli ngapi, na litaongeza gramu ngapi kwenye sehemu inayotembea?

Wanaosema "usiguse" wanakumbuka jambo ambalo wengine husahau: aliyeunda bafle aliisikiliza ikiwa na vipande vile vile, pamoja na udhaifu wake, akairekebisha hadi ikamridhisha. Wanapokosea ni pale wanapodhani kinachosikika leo ndicho alichokisikia yeye. Pete ya sponji ya poliyurethani kwa kawaida huishi miaka 15 hadi 20, kisha unyevu na joto huivunja hata kama bafle haijapigwa. Kapasita ya elektroliti, yenye kimiminika ndani, hukauka. Viungo vya kasha navyo huchoka: hewa ya kiangazi cha Katanga, Mei hadi Septemba, hukausha mbao mpaka gundi inaachia, halafu mvua zinazifurisha tena. Bafle iliyofungwa inayovuja hewa haina tena besi iliyokusudiwa. Kuijaribu ni rahisi: sukuma koni ya wufa taratibu kwa vidole vinne vilivyotandazwa, kisha iachie. Ikirudi polepole, kama sekunde moja au mbili, kasha linashika hewa. Ikirudi mara moja, tafuta ufa kwenye viungo, kwenye tundu la waya na chini ya ukingo wa spika. Kumlinda mzee huyu asitibiwe kwa jina la uasili ni kulinda ugonjwa wake.

Pete ya wufa ndiyo kazi inayofanywa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayoharibu zaidi. Usinunue pete kwa kusema "inchi 10" peke yake. Pima kipenyo cha koni, kipenyo cha ndani na cha nje cha ukingo wa fremu, na upana wa mkunjo. Pete isiyolingana hata milimita 3 huvuta koni upande. Halafu kuna ushauri wa kuweka pete ya mpira kwa kuwa haiozi. Ni kweli haiozi, lakini ina uzito. Tuseme uzito unaotembea katika wufa ya inchi 10 ni gramu 25, na mpira pamoja na gundi nyingi vikaufikisha 30: umepoteza karibu desibeli 1.6, na gita limerudi nyuma hatua moja. Kama wufa ilizaliwa na sponji, irudishie sponji. Kama ilizaliwa na mpira, mpira.

Ondoa pete ya zamani yote, pamoja na mabaki ya gundi, kwa spiriti ya isopropili na kitambaa, bila kuilowesha karatasi. Kwa koni ya karatasi tumia gundi nyeupe inayobaki laini ikikauka, tabaka jembamba. Gundi ya sekunde huwa ngumu kama kioo na hairuhusu kosa. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inayokula shaba. Gundisha kwanza koni, subiri ikauke, ndipo ugundishe fremu, kwa sababu hatua hii ya pili ndiyo inayoamua kama koili ya sauti, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni ndani ya sumaku, itakaa katikati. Nafasi iliyopo kila upande wa koili ni sehemu ndogo tu ya milimita. Njia ya uhakika ni kukata kifuniko cha vumbi kwa wembe na kuingiza vipande vinne vya filamu ya plastiki kuizunguka koili mpaka gundi ishike. Asiyetaka kukata kifuniko hupiga toni ya hezi 30 kwa sauti ndogo gundi ikiwa bado mbichi, akisogeza ukingo kwa vidole hadi mkwaruzo uishe. Yote mawili yanafaa. La kwanza linamfaa zaidi mwenye mkono mchanga. Kifuniko kikiwa wazi, funika nafasi ya sumaku inamopita koili kwa utepe wa karatasi. Vumbi jekundu la kiangazi likiingia humo, halitoki kwa kupuliza. Hutolewa kwa ukanda wa utepe unaonata uliokunjwa na kupitishwa ndani. Iache ikauke saa 24 kabla ya muziki. Na kama koni imelala kidogo upande wa chini baada ya miaka mingi, izungushe wufa nusu duara unapoirudisha kwenye kasha, uzito wake uivute upande mwingine.

Kabla na baada ya kazi, pima masafa ambayo koni hutikisika kwa urahisi zaidi. Unganisha rezista ya omu 1,000 mfululizo na wufa iliyotolewa kwenye kasha, acha simu itoe toni kupitia ampli, soma volti za AC kwenye ncha za wufa huku ukipandisha toni kuanzia hezi 15. Volti zinapofika kilele ndipo penyewe. Wufa za kushoto na kulia zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, pete moja ni ngumu kuliko mwenzake. Kwa bafle zilizofungwa zenye pete ya kitambaa, kipimo hiki ni muhimu mara mbili. Kitambaa hicho hupakwa dawa ya kunata ili kisipitishe hewa. Kikianza kuvuja, paka tena dawa isiyokauka kuwa ngumu, tabaka moja jembamba. Wanaopaka gundi ya mbao au rangi hupandisha masafa hayo kwa hezi kadhaa, na besi ambayo Villchur aliitolea sadaka usikivu wote inapotea.

Tukifika kwenye filta, pande zote mbili zinakosea, kila moja kwa namna yake. Anayehifadhi anaacha kapasita ya elektroliti iliyokwisha. Chukua twita ya omu 8 yenye kapasita ya mikrofaradi 4.7: inaanza kazi karibu na hezi 4,200. Kapasita ikihama hadi 6, mpaka huo wa kuanzia unashuka hadi karibu hezi 3,300, na twita ndogo inabebeshwa masafa isiyoyaweza. Wakati huo huo upinzani wa ndani wa kapasita umepanda. Ukifika omu 1.5, twita imepoteza takriban desibeli 1.5. Ndiyo maana bafle nyingi za zamani husikika "tamu" na zenye ukungu kidogo. Utamu huo mtengenezaji hakuuweka.

Anayeboresha naye anang'oa kila kitu na kuweka kapasita za plastiki, ambazo upinzani wake wa ndani unakaribia sifuri. Kwa ubora wa kipande, ni sahihi. Tatizo ni kwamba hata ikiwa mpya, elektroliti ya kiwandani ilikuwa na upinzani wake, na aliyesawazisha twita aliuhesabu. Ukiuondoa wote, twita inapanda juu ya kiwango chake cha kuzaliwa. Siku ya kwanza msikilizaji anasifu uwazi. Baada ya wiki mbili matoazi yanamchosha masikio na anapunguza sauti bila kujua kwa nini. Rudisha ulichokiondoa: rezista ya wati 5, mfululizo na kapasita mpya. Anza na omu 1, sikiliza siku kadhaa, kisha jaribu 0.5 au 1.5. Hiki ndicho kipande cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi nzima, na ndicho kinachosahauliwa zaidi.

Si lazima kila kapasita iwe ya plastiki. Ile iliyo mfululizo na twita inastahili. Ile kubwa iliyo sambamba na wufa, tuseme mikrofaradi 24, iwekee elektroliti mpya isiyo na upande wa chanya wala hasi, ya volti 100, ambayo tabia yake inafanana na ya asili. Ukiikosa sokoni, kapasita mbili zenye upande, thamani sawa, zikiunganishwa hasi kwa hasi hutoa nusu ya thamani ya moja: mbili za 47 zinakupa karibu 23.5. Kapasita za karatasi na mafuta ndani ya kopo la bati huwa nzima mara nyingi. Toa mguu mmoja, pima, na kama haijahama zaidi ya asilimia 10 iache.

Koili ya filta iache pia, isipokuwa imeungua. Kuibadilisha yenye kiini cha chuma kwa ile isiyo na kiini kunasikika kama maendeleo, lakini ili kupata thamani ile ile waya unakuwa mrefu. Upinzani ukipanda kutoka omu 0.3 hadi 0.9 mbele ya wufa yenye omu 6, umelipa desibeli 0.8, na ampli inaishika koni kwa mkono dhaifu zaidi: ngoma inagonga, kisha inaburura.

Fanya bafle moja kwanza, ili uilinganishe na ile ambayo hujaigusa. Peleka muziki uleule wa mono kwenye zote mbili, hamisha sauti kushoto na kulia, na uhakikishe kwa betri ya volti 1.5 kwamba wufa zote zinasukuma upande mmoja. Tahadhari kwa wenye JBL za zamani: ncha nyekundu ikipewa chanya, koni yake huingia ndani badala ya kutoka, na hiyo si hitilafu.

Kuhusu kasha, maneno machache. Ziba panapovuja, gundisha upya viungo, na pima uzito wa pamba iliyokuwemo kabla ya kuibadilisha, ili urudishe uzito ule ule. Anayejaza sponji mpaka mlangoni katika bafle yenye tundu la hewa analiziba koo lake. Humo funika kuta tu na uache njia ya tundu wazi. Kutia vipande vya kuimarisha ndani ya tripleksi nyembamba hakufai kila mara, kwa kuwa wahandisi wa BBC, kwa mfano, walichagua kuta nyembamba zilizobandikwa lami kwa makusudi.

Waya wa ndani wa shaba usiooza hauhitaji kubadilishwa. Wa nje, mita 5 za milimita mraba 1.5 kwenda na kurudi zina omu 0.115 hivi, na hilo linatosha. Kwangua ncha kwa kisu kabla ya kununua: ndani pakiwa peupe, ni alumini iliyopakwa shaba, yenye upinzani wa karibu mara 1.6. Katika mji wa shaba, dai shaba.

Imebaki twita iliyokufa. Kwanza pima kwa kipimaji cha omu. Ikionyesha imekatika, kagua waya mwembamba unaotoka kwenye koili hadi kwenye ncha, kwa sababu mara nyingi umekatika hapo nje na hulehemika. Kama koili yenyewe imeungua, twita mpya lazima ilingane na wufa kwa usikivu au iizidi. Ya desibeli 92 kwa wufa ya 89 hushushwa kwa rezista mbili: takriban omu 2.3 mfululizo na 19 sambamba na twita ya omu 8. Ya desibeli 86 haina dawa, kwani ingebidi kuishusha wufa. Ukikosa inayofaa, tafuta bafle nyingine za aina ile ile zilizooza kasha, ununue twita zake zote mbili kwa pamoja, usije ukawa na twita ya zamani kushoto na ngeni kulia.